Ganzi ya Vidole Si Karo ya Kinanda

Msomaji, iwapo umeingiwa na hamu ya kujifunza muziki wa jadi wa Ireland kwa kodiani ya vifungo, usianze na mbio. Kifungo kimoja hutoa sauti moja ukisukuma mivukuto na nyingine ukivuta. Katika mtindo aliouvumisha Paddy O'Brien wa Tipperary miaka ya 1950, mkono wa kushoto ndio hugeuza mwendo wa mivukuto, huku umebanwa na ukanda.

Wapo wasemao ganzi ni dalili ya bidii. Mimi sikubali. Ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyofuata, hasa ikikuamsha usiku, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ukiipuuza, msuli wa gumba hukonda, na huenda usirudi tena.

Keti, kinanda kikae pajani. Waayalandi wengi hutumia ukanda mmoja wa begani. Wewe anza na miwili. Piga dakika 20, kisha pumzika usikilize rekodi. Muziki huu hufunzwa kwa sikio, hivyo kusikiliza nako ni mazoezi. Ganzi ikizidi wiki mbili, nenda kwa daktari na kinanda chenyewe, akuone ukipiga.