Mabano ya Programu ni Somo la Sarufi

Wapo wanaodhani kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana lake katika uandishi wa programu za kompyuta. Dhana hiyo haina mashiko. Itazamwe sentensi hii:

“Maziwa ambayo gari ambalo mkulima alilinunua lilibeba yamefika Siongiroi.”

Nomino tatu zimetangulia, kisha vitenzi vitatu vikazifunga kwa mpangilio wa kinyume: a- ya mkulima, li- ya gari, ya- ya maziwa. Upatanisho wa kisarufi ndio unaobainisha kitenzi kipi ni cha nomino ipi. Mabano ya programu hufuata kanuni iyo hiyo: lililofunguliwa mwisho hufungwa kwanza.

Mwaka 1956 Noam Chomsky alionyesha kwamba sarufi ya hali zenye kikomo haiwezi kumudu upachikaji wa namna hii. Ruwaza za kutafutia matini, kwa asili yake, zina nguvu za sarufi hiyo tu. Ndiyo maana hushindwa kuoanisha mabano yaliyomo ndani ya mabano mengine kwa kina chochote. Lugha ya Perl, katika toleo la 5.10 la mwaka 2007, iliruhusu ruwaza ijirejelee yenyewe:

\((?:[^()]++|(?R))*\)

Yaani: bano la kufungua, kisha herufi zisizo mabano, au ruwaza nzima tena, mara zozote, kisha bano la kufunga. Alama (?R) ndiyo inayopachika ruwaza ndani ya ruwaza, kama kishazi ndani ya kishazi.

Hata hivyo, ruwaza hiyo hulihesabu hata bano lililomo ndani ya matini yaliyonukuliwa, lisilofunga chochote. Kwa programu nzima, kichanganuzi kamili kinafaa zaidi. Binadamu naye ana kikomo: sentensi ya hapo juu ni sahihi, lakini inalemea kumbukumbu. Kiswahili kina njia ya kuipunguzia mzigo:

“Maziwa liliyoyabeba gari alilolinunua mkulima yamefika Siongiroi.”

Hapa kitenzi hutangulia mtendaji wake, na vishazi hufuatana badala ya kurundikana.

Basi idara zinazofundisha sarufi geuzi zalishi hazina budi kuyaingiza mabano haya darasani, kwa istilahi za Kiswahili. Kuwaachia wataalamu wa kompyuta peke yao ni kuliacha shamba la sarufi lilimwe na wengine, ilhali jembe liko mikononi mwa wenyewe.