MBEGU BORA SI HIRIZI

Mkulima wa Chemba aonapo suke la mtama wake limegeuka unga mweusi, ajua kuwa adui amepita. Adui huyo ni fugwe, kuvu iliyo ndugu wa mbali wa kutu ya shina, mharibifu wa ngano. Habari za kutu hiyo ni funzo kwa kila apandaye nafaka, na leo twapenda kuzieleza.

Kuvu ya kutu haiji mikono mitupu. Hupenyeza protini zake ndani ya chembe hai za mmea, nazo huulaghai ulinzi ili mwizi apate kula. Lakini mmea nao una protini zilizo kama askari wa zamu, na kila askari humjua mgeni wake. Amtambuapo, chembe iliyovamiwa hujiua, na kutu, isiyoweza kula ila katika chembe iliyo hai, hufa njaa. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kuwa wameipata protini ya kutu itambuliwayo na askari mmoja wa ngano, aitwaye Sr35.

Lakini askari amjuaye mwizi kwa kanzu yake hana msaada siku mwizi abadilipo kanzu. Kwa miaka mingi mashamba ya nchi nyingi yalimtegemea askari Sr31. Mwaka 1998, huko Uganda, ikaonekana kutu asiyoweza kuizuia, ikaitwa Ug99. Ikaenea Kenya, Ethiopia, Yemen na Iran; mwaka 2009 ikaonekana Tanzania.

Je, yatuhusu nini sisi wa mtama na uwele? Yatuhusu sana. Wilaya nzima ikipanda mbegu ya namna moja, adui aupataye ufunguo wa nyumba moja amezifungua zote.

Kwa hiyo twasema wazi: watafiti wa mtama wa Hombolo wasinyimwe fedha. Mabwana shamba wapeleke habari za ugonjwa upesi, wasingoje mavuno yaharibike. Nao wakulima wasizitupe mbegu za wazee wao. Sr35 mwenyewe alitolewa katika ngano ya kale, ambayo leo hulimwa na wachache tu.

Na mfanyakazi wa mjini asidhani kuwa vita hii ni ya mwenye jembe peke yake. Ghala la Chemba likiwa tupu, sufuria yake nayo haitajaa.