Kunguni wa Kunde Asitutilie Sumu Jikoni



Bila shaka umekwisha kumwona kunguni wa kijani katika kunde zako. Simsemi yule wa kitandani. Huyu ana umbo kama ngao, na ukimgusa hutoa harufu mbaya inayong'ang'ania vidoleni. Hutumbukiza mdomo wake mfano wa sindano katika ganda changa la kunde au maharage, akafyonza, na mbegu zikanywea. Wataalamu wengi hudhani asili yake ni Afrika ya Mashariki. Kutoka huku ameenea Ulaya, Asia, Amerika na Australia. Safari hii balaa tumewapelekea wao!

Lakini ukurasa huu ni wa afya, na linalonitia hofu ni dawa anayopigiwa. Mtu hununua dawa iliyomiminwa katika kichupa kisicho na karatasi ya maelezo. Jioni anapulizia, kesho yake mama anachuma majani ya kunde hayo hayo. Bomba linaoshwa mtoni Malagarasi, na sisi wa Ilagala maji ya mto huo tunayajua kwa kunywa na kwa kuvua. Kichupa nacho kinasuuzwa, kinatiwa mawese. Hapo kunguni hana kosa.

Nyingi za dawa hizo huua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, na ya binadamu hudhurika vilevile. Aliyedhurika hutoka jasho na mate mengi, hutapika, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka na pumzi huwa nzito. Mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, usimtapishe, wala usipoteze muda kwa maziwa. Mkimbize kituo cha afya, na chupa ya dawa uende nayo.

Kwa bustani ya nyumbani mimi naona dawa haihitajiki kabisa. Alfajiri, wakati wa baridi, kunguni hawa ni wazito kuruka. Tikisa mimea juu ya ndoo ya maji ya sabuni. Halafu pindua majani, kwani mayai hukaa upande wa chini, yamebanana kwa safu, pengine zaidi ya 50 pamoja. Yakiwa ya manjano au mekundu, kata jani ulitie ndooni. Yakiwa meusi yaache: humo hukua nyigu mdogo mno anayekula mayai ya kunguni, na dawa humwua huyo rafiki yetu pia.

Mwenye shamba kubwa amwone bwana shamba kwanza. Akilazimika kupulizia, atumie dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na angoje siku zilizoandikwa kabla ya kuvuna. Muuzaji asipoweza kukuonyesha maandishi hayo, mrudishie kichupa chake.