Marufuku ya simu yaishia langoni mwa shule za Eastlands

SHULE nyingi za upili nchini Kenya haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu ya mkononi. Anayenaswa nayo hupokonywa, mzazi huitwa, na wakati mwingine mwanafunzi hutumwa nyumbani. Katika shule za bweni sheria hiyo ina mantiki, kwani lango likifungwa, simu nayo imefungiwa nje hadi likizo. Lakini katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, wanafunzi wengi ni wa kutwa. Hao hutoka langoni kila jioni, na simu inawasubiri nyumbani.

Ikumbukwe kwamba ukali wa serikali kuhusu simu ulichochewa zaidi na wizi wa mitihani kuliko hofu ya wanafunzi kukosa kumakinika. Maswali ya KCSE ya 2015 yalisambazwa kupitia WhatsApp, na matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa. Machi 2016, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, na masharti ya mtihani uliofuata yakakazwa. Simu ikatazamwa kama chombo cha mwizi. Ni wachache waliouliza inamfanyia nini mtoto asiyeiba chochote.

Kwingineko swali hilo limeulizwa. Ripoti ya UNESCO ya 2023 ilieleza kwamba mwanafunzi akikatizwa na simu huenda akachukua hadi dakika 20 kurejesha fikira zake kwenye somo. Kipindi katika shule zetu za upili ni dakika 40. Yaani ujumbe mmoja unaweza kumeza nusu ya somo la hisabati. Utafiti mwingine, uliofanywa na wanauchumi wawili katika shule za Uingereza na kuchapishwa 2015, uligundua kwamba simu zilipopigwa marufuku, waliofaidika zaidi ni wanafunzi waliokuwa wakivuta mkia. Hodari hawakubadilika sana. Matokeo hayo yana uzito Eastlands, ambako madarasa mengi yamefurika na mwalimu hana nafasi ya kumrudia aliyeachwa nyuma.

Kwa hivyo siwaungi mkono wanaotaka simu ziruhusiwe darasani. Ninachouliza ni kwamba, saa za jioni ambazo mwanafunzi wa kutwa anapaswa kudurusu zinalindwa na nani?

Tazama hali ilivyo katika nyumba ya chumba kimoja Kayole. Simu yenye intaneti ni moja, ya mama. Kazi ya ziada chini ya mtaala wa umilisi, maarufu CBC, mara nyingi hutumwa humo kupitia WhatsApp. Mtoto hutakiwa kutafuta picha mtandaoni, kisha mzazi akimbilie saiba kuzichapisha. Kazi ya shule na TikTok zimo katika kioo kimoja. Mtoto akisema anafanya kazi ya mwalimu, huenda asiwe anadanganya, lakini pia huenda amekwisha kutazama video kumi.

Mazoea haya yalishika mizizi shule zilipofungwa Machi 2020 kutokana na corona. Hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, masomo yalipeperushwa kupitia redio, televisheni na mtandao, na mzazi aliyemnyima mtoto simu alionekana kumnyima elimu. Hata hivyo, si kila simu ilikuwa kikwazo. Huduma ya Shupavu 291 ya kampuni ya Eneza ilifunza na kutahini kwa ujumbe mfupi, hata kwenye simu ya mulika mwizi isiyo na intaneti. Yamkini lawama zetu zingeelekezwa kwa programu zilizoundwa makusudi zisimwachilie mtumiaji.

Aidha, mama huyo ana sababu zake. Anafanya kazi Eneo la Viwanda, anarudi usiku, na anataka kujua iwapo bintiye amefika salama. Mwalimu mkuu anayemkemea kwa kumwachia mtoto simu hana njia nyingine ya kumpa.

Walimu nao wamo katika mtego huo. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, huwataka kujaza fomu za tathmini ya utendakazi mtandaoni, nazo alama za CBC hupakiwa katika tovuti ya KNEC. Wengi hutumia simu zao wenyewe. Mwanafunzi anayemwona mwalimu ameinamia simu mbele ya darasa hawezi kujua iwapo anajaza alama au anasoma Facebook.

Wizara ya Elimu inaweza kuanza kwa kuagiza kazi ya ziada irudi kwenye daftari, isitegemee simu ya mzazi. Kaunti ya Nairobi nayo ina maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizokarabatiwa kwa ushirikiano na shirika la Book Bunk. Zikiachwa wazi hadi saa tatu usiku, mwanafunzi wa Jericho ataweza kudurusu huko na kurejea nyumbani kwa miguu. Wa Kayole na Dandora wako mbali. Kwao itabidi darasa lenyewe libaki wazi jioni, likiwa na taa na mwalimu wa zamu. Malipo ya mwalimu huyo yatatafutwa ndani ya mgao wa Sh22,244 ambao serikali ilimpangia kila mwanafunzi wa upili kwa mwaka, mgao ambao wakuu wa shule wamelalamika mara kwa mara kwamba huwafikia ukiwa umechelewa.