Kiti na Mwenyewe



Makala ya juma hili tumeyaandikia Burnt Forest, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Sisi watu wa pwani baridi ya huku hutuumbua. Kanzu haikutufaa kitu, tukaazimwa koti zito. Tulifikia kwa mama mmoja, jamaa ya wakwe zetu. Baada ya Magharibi, mjukuu wake, binti wa gredi ya saba, alitujia na daftari: mwalimu wa Kiingereza amewataka waandike maana tano za neno "chair".

"Babu Sheikh, mimi ninayo moja tu," akasema. "Kiti cha kukalia."

Tukaketi naye. Ya pili ilikuwa nyepesi: ni yule anayeongoza mkutano. Zamani Waingereza walimwita "chairman", neno lenye mwanamume ndani yake. Wanawake walipolalamika, wengi waliuondoa uanamume wakabakisha kiti kitupu, basi leo mtu mzima na akili zake huitwa kiti. Kiswahili hakikuwa na taabu hiyo. Mwenyekiti ni mwenyekiti, awe Ali au Asha. Ndipo tunaposhangaa kuwasikia dada zetu katika vyama vyao vya akiba wakimwita kiongozi wao "chairlady", ilhali neno la nyumbani lipo na halimbagui mtu.

Na hilo "mwenye" nalo lina siri yake. Mwenye homa haimiliki homa. Imemjia, na inshallah itamtoka. Wenyeviti wengi tuliowaona hawakulisoma neno hilo vizuri.

Ya tatu ni kitendo chenyewe cha kuongoza kikao. Ya nne ni cheo cha profesa chuoni. Hapo tulimweleza binti kwamba hata katika msikiti wa Qarawiyyin, kule Fez, wanazuoni walikuwa na viti vyao vya kufundishia, na waumini wakaviwekea wakfu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha cheo kama hicho kwa jina la Mwalimu Nyerere, mwaka 2008, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukishika, kwa Kiswahili kiliitwa kigoda. Si kiti cha enzi, kile cha Lamu cha mpingo na pembe, bali kigoda, cha kuketi karibu na moto na kuzungumza. Jina hilo tumelipenda sana.

Ya tano tulisita kumpa mtoto: kiti cha umeme, ambacho Marekani ilianza kuwaulia wahukumiwa mwaka 1890. Aliiandika kwa furaha kuliko zote.

Kisha akauliza, "Na kiti cha ubunge? Na cha urais?"

Tukamwambia Mwingereza hapo hutumia neno jingine, ila kwetu vyote ni kiti. Bibi yake, aliyekuwa akikanda unga wa chapati bila kusema neno, akainua kichwa. "Hicho ndicho tunachokijua hapa," akasema.

Wasomaji wetu wakubwa wanakumbuka. Katika msimu wa uchaguzi wa 1992, ule wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, ghasia zilifika hapa na nyumba zikachomwa. Baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007 zikarudi tena. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Mama huyu alitoka na mtoto mgongoni na dumu la maji. Njia nzima, gizani, alikuwa akisoma Ayatul Kursiy.

Tulinyamaza kidogo. Aya hiyo, ya 255 katika Suratul Baqara, tumeifundisha watoto miaka mingi, na tumewaeleza kwamba imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kuwa Kursi ni elimu yake Mola, na kwamba zipo kauli nyingine pia. Lakini hatukuwahi kumfikiria mtu anayekimbia kwa ajili ya kiti, huku akijikinga kwa Kursi.

Miezi mingi baadaye alirudi. Nyumba ilikuwa majivu na vyombo vimechukuliwa. Siku moja alikwenda kumpa mkono wa tanzia jirani, mama wa kabila jingine. Watu walikuwa wengi, akaletewa kiti. Alipokishika kukisogeza, kidole chake kikagusa msumari uliopinda chini ya mgongo wa kiti, ule alioupigilia marehemu mumewe. Kilikuwa kiti chake.

Tukamuuliza alifanya nini.

"Nilikikalia," akasema.

Hakukidai siku ile wala baadaye. Jirani yule ndiye aliyemfungulia mlango usiku wa kwanza aliporudi, akampa uji na blanketi, na mama hajui kama mwenzake anafahamu kiti kilikotoka. Huenda alikinunua sokoni kama kitu chochote. Hadi leo akienda kwao huwekewa kile kile, kwa kuwa ndicho kiti kizuri cha nyumba ile na hutolewa kwa mgeni wa heshima.

Sisi, kwa tabia yetu ya ualimu, tulikuwa tumeshaanza kupanga hukumu ya mali iliyopotea na haki ya mwenyewe. Tukaiacha.

Binti akauliza kama aiandike hiyo iwe ya sita. Tukamwambia mwalimu ataka tano tu. Bibi akamwambia aandike, kisha aje asukume chapati.