Klabu ya redio Rusimbi: ndiyo. CB: hapana!

Najua nimepotea, mnisamehe. Testi zimenibana na bumu nalo lilishakata zamani. Ila leo lazima niandike, maana nikilala na hili moyoni sitapata usingizi.

Jamaa zangu wa mtaani, Rusimbi, wananipigia tangu Jumapili. Eti tuanzishe klabu ya redio za CB. Mmoja kaona video za madereva wa malori Marekani wanavyoitana kwa majina ya utani, damu ikamchemka. Msimamo wangu ni huu, anayetaka kununa anune: klabu tuanzishe, CB tuiache.

Nianze na mazuri yake nisije nikaitwa mbishi. CB haitaki vocha wala bando, na haitegemei mnara wa mtu. Unabonyeza, unaongea, wote walio kwenye chaneli wanakusikia. Kule Marekani iliingia megahezi 27 mwaka 1958, na madereva wakaipa umaarufu mafuta yalipoadimika 1973. Walikuwa wakiambizana kituo gani kina mafuta na trafiki kajificha wapi. Yaani ilikuwa na kazi. Sisi mtaani kazi yake nini? Kuulizana kama chai imeiva? Simu si zipo!

Kazi yetu iko ziwani, jamani. Mwaka juzi mjomba wangu alitoka Kibirizi siku za giza kufuata dagaa. Usiku mashine ikazima, upepo wa kusini unavuma. Simu anayo, kaifunga kwenye nailoni, chaji tele, mtandao hakuna. Wakapiga kasia mpaka kumekucha. Na sisi nyumbani tumelala fofofo, tunajua mjomba anavua. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Kwa hiyo ndugu zangu mnaosema simu inatosha, pandeni mtumbwi kwanza halafu tuongee.

“Si ndiyo CB hiyo sasa!” Tulieni. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa mita 11, antena ya robo wimbi ni karibu mita 2.7. Utaisimika wapi katikati ya nyavu na taa? Halafu jua likichachamaa, CB inaleta kelele za watu wa mabara mengine juu ya sauti ya mjomba.

Redio ya majini ya VHF antena yake ya robo wimbi ni kama nusu mita tu, na chaneli 16 ndiyo ya kuomba msaada dunia nzima. Ubaya wake inakwenda mstari ulionyooka, kilima kikikaa katikati umekwisha. Sawa, lakini Kigoma vilima tunavyo! Antena ikiwa mita 100 juu ya maji inafika kama kilometa 40, na ziwa letu upana wake wa wastani ni kama kilometa 50. Umeme? Betri zinazowasha taa za dagaa si zimo humo humo mtumbwini?

Sasa ubaya wa kweli, ambao jamaa hawataki kuusikia. Kwanza, leseni ya TCRA. Sheria ipo tangu 2010, na sisi tunatazamana na Kongo, Burundi iko hapo juu. Ukikamatwa na redio ya kurushia sauti isiyo na kibali, maelezo yako yatakuwa marefu. Pili, kila mtu anasikia, kwa hiyo siri za nani kapata migebuka wapi hazitakuwepo. Tatu, na hili ndilo kubwa: nani atakuwa macho saa nane usiku? Redio isiyo na msikilizaji ni kopo.

Ndiyo maana nataka klabu. Klabu ya zamu, siyo ya soga. Na tuanze kabla hatujanunua hata waya: daftari pale ufukweni, kila mtumbwi uandike una watu wangapi na unarudi saa ngapi. Saa ikipita, mwenye zamu anaamsha watu. Daftari halihitaji leseni. Tukishindwa kulinda daftari mwezi mmoja, redio tutaiweza?

Likizo narudi mwisho wa reli. Zamu ya kwanza ya saa nane usiku niandikeni mimi. Ya pili nani?

Nawasilisha.