Maharage Hayana Kosa

Wanafunzi wenzangu, kila mwaka muhula wa tatu unapokaribia kwisha hutokea ubishi shuleni petu juu ya karamu ya kuagana. Wengine hutaka mbuzi, wengine nyama ya ng'ombe, na wengine husema heri fedha zote zinunue soda. Mwaka huu nami nina neno langu, na najua kuwa wengi watakaolisoma watacheka kwanza. Nasema hivi: tusinunue nyama. Tufanye kababu za maharage na mboga, tuzitie ndani ya chapati pamoja na nyanya na kitunguu, kila mtu apate yake mkononi, kama watu wa mjini wanavyokula baga.

Najua jibu nitakalopewa. "Maharage! Tumekula maharage muhula mzima, na siku ya furaha tule maharage tena?" Jibu hilo lina haki yake, wala silipuuzi. Lakini nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Kwanza tukumbuke karamu ya mwaka jana. Mbuzi walichinjwa, wali ukapikwa kwa mchuzi wao, na harufu nzuri ikajaa uwanja mzima. Lakini ulipofika wakati wa kula, watu walikaa makundi makundi. Waislamu waliuliza ni nani aliyechinja, na walipokosa jibu la hakika wengi wao waliacha chakula. Wenzetu wa kanisa la Orthodox kutoka Ethiopia na Eritrea hawakugusa kitu, kwa sababu mfungo wao wa kabla ya Krismasi huanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea mpaka Krismasi yao, tarehe 7 Januari. Katika siku hizo hawali nyama, wala maziwa, wala mayai. Wako pia Wasabato wasiokula nyama ya aina yoyote. Nilimwona msichana mmoja wa darasa letu ameketi chini ya mti na chupa ya soda, akitazama wenzake wakila. Alipoulizwa, alisema hana njaa. Sote tulijua kuwa si kweli.

Basi karamu iliyokusudiwa kutuunganisha ndiyo iliyotugawa. Na hili si jambo dogo mahali kama hapa petu. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakikimbia machafuko ya nchi yao. Tangu hapo wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, nao wenyeji wa Rugaaga wanaishi kando yetu na watoto wao wanasoma pamoja nasi. Kila mmoja ana lugha ya mama yake, lakini tukikutana uwanjani aghalabu tunasemezana kwa Kiswahili. Kama tumepata lugha moja ya kututosha, je, tutashindwa kupata chakula kimoja cha kututosha?

Mimi nasema chakula hicho tayari tunacho, ila hatujakitazama vizuri. Jamii ya maharage, yaani maharage yenyewe, kunde, dengu, njegere na choroko, imo katika jiko la kila taifa lililoko hapa. Wasomali husaga kunde zilizolowekwa wakakaanga bajiya, na mwezi wa Ramadhani bajiya hazikosekani wakati wa kufuturu. Waethiopia hupika shiro kwa unga wa dengu, na ndicho chakula chao kikubwa siku za mfungo. Wakongo hula maharage pamoja na sombe au lengalenga. Watu wa magharibi ya Uganda huponda maharage pamoja na viazi vitamu wakapata mugoyo. Ukienda Mbarara utakuta sambusa zilizojazwa njegere. Huko Misri wananchi hufanya taamia kwa aina ya maharage makubwa yaitwayo ful, na vitonge hivyo huliwa ndani ya mkate, asubuhi na jioni, na tajiri na maskini pia.

Hata baga yenyewe, ambayo vijana wengi hufikiri kuwa haiwi baga bila nyama, imekwisha kubadilika. Jina lake limetokana na mji wa Hamburg huko Ujerumani. Mwaka 1982 Gregory Sams alianza kuuza London baga isiyo na nyama, akaiita VegeBurger. Leo watu wengi wa Ulaya na Marekani hununua baga za namna hiyo kwa fedha nyingi. Wao hununua dukani kwa bei kubwa kitu ambacho sisi tungeweza kukifanya kwa maharage yaliyomo magunia yetu.

Mbona basi tunayadharau? Nadhani sababu ni mbili. Ya kwanza ni fahari. Tunaishi katika nchi ya Ankole, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, na hapa, kama mahali pengi, mgeni huheshimiwa kwa nyama au maziwa. Mtu akipewa maharage hufikiri kuwa amehesabiwa maskini. Sababu ya pili ni mapishi. Maharage tunayoyajua sisi ni yale ya sufuria kubwa, maji mengi, chumvi kidogo, na posho pembeni, siku baada ya siku. Hata nyama ikipikwa hivyo kila siku ingetuchosha. Maharage hayana kosa. Kosa ni la sisi tunaoyapika.

Yafaa pia tufikiri habari ya fedha. Michango ya karamu hutoka kwa wazazi wetu, na hali yao inajulikana. Februari 2021 msaada wa chakula wa Shirika la Chakula Duniani kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa ukawa asilimia 60 ya kiasi cha kawaida. Mwaka 2023 jamaa ziligawanywa makundi matatu kwa kadiri ya shida zao, na kundi la tatu likaachwa bila msaada huo. Mzazi wa namna hiyo akiombwa mchango wa nyama, huutoa kwa kuiba katika chakula cha wadogo zetu. Bei ya kilo moja ya nyama aghalabu hununua kilo tatu za maharage au zaidi. Mwanafunzi asiyeweza kuchanga kwa ajili ya mbuzi huenda akaleta kikombe cha maharage na karoti mbili, akaja karamuni kwa haki yake, si kwa kuhurumiwa.

Labda mtu atasema kuwa nyama ndiyo yenye nguvu. Sikatai, nyama ni chakula chema, wala sisemi kuwa mtu aiache maisha yake yote. Lakini gramu 100 za maharage makavu zina gramu 20 hivi za protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Upungufu ulioko katika protini ya maharage hujazwa na mahindi au ngano, na upungufu wa nafaka hizo hujazwa na maharage, ndiyo maana wazee wetu walivila pamoja kabla ya kuja vitabu vya sayansi. Maharage yana madini ya chuma pia, yanayohitajiwa na damu, hasa kwa wasichana. Mwaka 2016 wataalamu wa kilimo wa Uganda walitoa mbegu za maharage ziitwazo NAROBEAN, zilizochaguliwa kwa wingi wa chuma na zinki. Ukila maharage pamoja na nyanya au maji ya limau, mwili huchukua chuma hicho kwa urahisi zaidi. Ukinywa chai papo hapo, chai hukizuia.

Sasa nieleze namna ya kuzifanya, maana maneno matupu hayajazi tumbo. Tulijaribu wanafunzi wanne nyumbani kwa mama mmoja Msomali, jirani yetu, ambaye huuza bajiya. Mara ya kwanza tulishindwa vibaya. Tulitoa maharage sufurianing, tukayaponda yakiwa bado na maji, tukayatupa ndani ya mafuta. Yote yakavunjika, tukabaki na uji wa maharage unaoelea katika mafuta. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, tumekosea wapi?" tukamwuliza.

"Wanangu," akasema, "kitu cha kukaangwa hakitaki maji. Kaukisheni kwanza, ndipo mshike mafuta."

Mara ya pili tulifanya hivi. Usiku tuliloweka kilo 2 za maharage. Asubuhi tukamwaga maji yale, tukatia maji mapya, tukachemsha mpaka yakaiva sana. Kuloweka hupunguza muda wa kupika, na katika nchi hii ambayo kuni zimekuwa haba, faida hiyo si ndogo. Tukachuja, tukayaanika juu ya sinia pana mpaka yakapoa na kukauka, kisha tukayaponda kwa kinu, lakini si mpaka yawe laini kama uji. Tukakwangua karoti, tukakatakata vitunguu, majani ya dodo na kotimiri, tukayakamua maji. Tukachanganya pamoja na viazi vilivyochemshwa na kupondwa, unga wa muhogo kidogo wa kushikamanisha, chumvi, bizari na pilipili. Tukafinyanga vidonge bapa vya ukubwa wa kiganja, tukaviacha vipumzike nusu saa. Mwisho tukavikaanga kwa mafuta machache katika kikaango, upande mmoja kisha wa pili, bila kuvigeuzageuza. Tulipata kababu 60, nazo hazikuvunjika ila mbili tatu.

Hapa nataka kutoa onyo. Mama yule hufanya bajiya zake kwa kunde mbichi zilizolowekwa, na hazina madhara. Lakini mtu asifanye hivyo kwa maharage, hasa yale mekundu. Maharage mabichi yana sumu. Hata manne au matano yaweza kumtapisha mtu. Kuloweka peke yake hakuiondoi, wala moto mdogo usiochemsha. Sharti yachemke kwa moto mkali dakika 10 kwa uchache, kisha yaendelee mpaka yaive.

Ziko hoja nyingine za kunipinga, nami nitazijibu kwa kweli. Ya kwanza ni kazi. Ni kweli kwamba kufinyanga kababu kwa shule nzima ni kazi kubwa kuliko kuchinja mbuzi watatu. Lakini mbuzi hupikwa na watu wachache, na wengine wote hungoja. Kababu zataka mikono mingi, na mikono tunayo. Mvulana atakayesema kuwa hiyo ni kazi ya wasichana, na angoje sahani yake mpaka wa mwisho amekwisha kula. Hoja ya pili ni mafuta, ambayo bei yake imepanda. Ndiyo sababu nimesema tukaange kwa mafuta machache ndani ya kikaango, tusizamishe. Ya tatu ni ile ya fahari: kwamba wageni watatucheka. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku ile tuliyojaribu, watoto wa jirani walikuja kwa kufuata harufu, wakala, wakauliza ni nyama gani. Hakuna aliyetucheka.

Basi naiomba kamati ya karamu mambo manne. Kwanza, Jumamosi moja kabla ya mitihani itupe ruhusa tupike kababu za majaribio, kila mwanafunzi aonje, kisha kura zipigwe. Tukishindwa, nitanyamaza na kula mbuzi wenu. Pili, chapati zikandwe kwa maji na mafuta ya mimea, bila maziwa wala mayai, kwa sababu mikate mingine ya dukani hutiwa vitu hivyo, na wenzetu wa mfungo wangezuiwa tena. Tatu, vikaango visiwe vile vilivyokaangiwa nyama. Nne, karamu ianze baada ya saa tisa alasiri, maana wengi wanaofunga hawali kitu kabla ya saa hiyo. Haya si mambo ya gharama; ni ya kukumbukana tu.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tunaomaliza mwaka huu hatutaonana tena. Wengine watarudi makwao, wengine watapelekwa nchi za mbali, wengine watabaki hapa kulima. Siku ya kuagana ni moja tu. Mimi ningependa siku hiyo yule msichana wa chini ya mti aje akae katikati yetu, ashike chapati yake yenye kababu ya maharage, ale ashibe kama sisi. Anayejua chakula kingine kitakachofanya hivyo na akitaje, mimi sijakiona.